Tupeane uzoefu: Uliyewahi kuwa kamati ya shule (au bodi), ulikutana na nini huko?

Mpangaji wa Nkuhungu
Wakuu, mbukwenyi.

Juzi kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwa mwanangu nilitoka nje kupokea simu. Narudi, jina langu liko ubaoni na kura zimeshapigwa. Nadhani shati la kuchomekea ndilo liliniponza. Mwalimu mkuu akanipa mkono, "hongera mjumbe". Mama mmoja pembeni yangu akaninong'oneza, "pole baba".

Hiyo pole ndiyo imenileta hapa. Karatasi tuliyogawiwa inasema kamati inasimamia mapato na matumizi, mpango wa maendeleo wa shule, majengo, mahudhurio na taaluma. Sawa. Lakini mliokaa kwenye hivyo viti, kiuhalisia mnafanya nini? Tangu serikali ihamie Dodoma huku pembezoni watoto wamefurika, darasani wanakaa mpaka chini. Nataka kujua kama kuna kitu naweza kusaidia au naenda kunywa soda.

Bajaji ya Area C
Unaenda kunywa soda.

Debe la Uwele
Na soda yenyewe mpaka ruzuku iingie 😂

Mama Makande
Msimtishe mwenzenu. Mimi nimekaa kamati ya shule ya kijijini, upande wa wilaya zenye njaa za kila mwaka, na umenikumbusha mbali.

Januari 2018 Rais Magufuli alipokataza michango mashuleni, kijijini kwetu ilifika nusu ya habari. Kilichosikika ni "msichange". Maelekezo yaliyofuata kwamba mwenye hiari achangie ila walimu wasishike hela, hayo hakuna aliyeyasikia. Uji ukafa. Ule mwezi wa pili, ghala za nyumbani zimeisha na mahindi mapya bado, unamwona mtoto wa darasa la kwanza anasinzia saa nne asubuhi, na si usingizi ule.

Tukakubaliana kamati ndiyo tupokee chakula, mwalimu asiguse hata punje. Kila kaya debe moja baada ya mavuno. Siku ya kupokea ndipo nilipowajua majirani zangu. Kila mtu kaja na debe lake, na mengine kitako kimegongwa kwa ndani mpaka limepungua kilo kadhaa! Tukasema hapana, kila mtu amwage kwenye debe la shule, likipungua aongezee. Baba mmoja alinununia mpaka Pasaka.

Chakula hakikutosha siku zote tano, tukawa tunapika siku mbili, Jumanne na Alhamisi. Siku moja nikamwomba mwalimu daftari la mahudhurio nilitazame tu. Jumanne darasa limejaa. Ijumaa nusu hawapo, kwa sababu Ijumaa kwetu ni mnada, watoto wanaenda kuswaga mbuzi na kuuza karanga. Kwenye kikao nikasema, uji wa nini siku ambayo watoto tayari wapo? Tukauhamishia Ijumaa na Jumatatu. Hatukuongeza hata debe moja, na Ijumaa watoto wakaanza kuonekana. Basi, hiyo ndiyo kamati. Daftari la mahudhurio usilisaini tu, lisome.

Zabibu Chungu
Hii ya mnada nimeielewa sana mama.

Kijana wa Kibaigwa
Kwetu mwenyekiti wa kamati alikuwa analima mbali, huko Kiteto. Enzi za vitabu vya hundi, bodaboda inatumwa na hundi tupu, anasainia juu ya tanki la pikipiki, jembe begani, haulizi hata kiasi. Shule iliongozwa hivyo misimu na misimu na taarifa zilisomwa "mapato na matumizi yako sawa".

Ticha Mstaafu
Naomba na mimi niseme kwa upande wa pili, maana kwenye nyuzi za namna hii mwalimu mkuu huwa ndiye mwizi tangu mstari wa kwanza.

Nilikuwa mwalimu mkuu wakati MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, inaanza 2002. Ada ilikuwa imefutwa, watoto wakaja mpaka wenye ndevu. Kamati zilipewa semina, tukaambiwa kila shilingi inayoingia ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Tukabandika. Unajua nani alikuwa anasoma? Mbuzi. Walikula karatasi ile na gundi yake.

Leo mnapiga kelele za ruzuku. Tupigeni hesabu basi. Tangu elimu bila ada ya 2016 mtoto wa msingi anahesabiwa shilingi 10,000 kwa mwaka, kati ya hizo 4,000 ni za vitabu, shule inaona 6,000. Shule ya watoto 500 ni milioni 3 kwa mwaka, yaani laki mbili na nusu kwa mwezi. Humo kuna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo na utawala. Halafu mjumbe anakuja kikaoni anadai posho, na mwenyekiti ana mpwa wake fundi anataka apewe kazi ya madawati. Nimewahi kuletewa madawati ambayo mtoto akiandika jirani yake anatikisika.

Mjumbe mzuri niliyewahi kumpata alikuwa mama muuza vitumbua. Kila kikao alikuwa na swali moja, halibadiliki: "Darasa la tatu wangapi hawajui kusoma, na tuliwaacha wangapi kikao kilichopita?" Nilikuwa naliogopa lile swali kuliko mkaguzi. Siku za mwanzo sikuwa na jibu, nikalazimika kuwapima watoto ili niwe nalo.

Debe la Uwele
Mwalimu, mbuzi wamekula ushahidi? Hiyo ni mpya.

Ticha Mstaafu
Kijana, njoo Ugogoni uone mbuzi.

Mjukuu wa Mkaa
Wakuu nilikuwa nasoma kimya kimya ila hapo kwenye mali za shule nimeshindwa kuvumilia. Ngoja nimwage.

Bibi yangu mzaa mama hajui kusoma. Kijijini kwetu (wilaya sitaji, wahusika wengine bado wapo) ilikuja hela ya madarasa mawili na ofisi, ule utaratibu wa fosi akaunti, fundi wa palepale na kamati za palepale. Wakatafuta mwanamke wa kuingia kamati ya mapokezi ili akidi ikae vizuri, wakamchukua bibi. Mahesabu yao ni kwamba bikizee hasomi, atabonyeza dole gumba popote atakapoonyeshwa.

Simenti ikaja magharibi, giza linaingia. Bibi akakaa mlangoni kwa stoo na kipande cha mkaa. Kila mfuko ukipita mgongoni kwa kijana, anachora mstari ukutani. Ikifika minne, wa tano anaukatisha juu yake. Vijana wakawa wanamcheka. Gari likaisha. Mwalimu mkuu akaleta karatasi: mifuko 200, bibi weka dole hapa. Bibi akanyanyuka, akahesabu mafungu yake ukutani taratibu. Mia moja na sitini.

Wakamwambia amekosea, giza. Akasema, na nimemsikia kwa masikio yangu maana mimi ndiye nilikuwa nimemshikia tochi: "Kidole changu hakijahesabu mia mbili."

Mtendaji wa kijiji akaitwa. Akaja na maneno ya "bibi usicheleweshe maendeleo ya serikali". Bibi akafunga stoo, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga, akatandika mkeka palepale mlangoni akalala. Mjomba alipokwenda kumchukua alifukuzwa kwa matusi ya Kigogo ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Asubuhi kijiji kizima kiko shuleni. Utingo wa lori alikuwa amelala kwa shemeji yake pale pale kijijini, akabanwa na vijana. Akasema arobaini zilishushwa njiani, dukani kwa mtu, njia panda. Weee! Mwalimu mkuu akaanza kusema atafuatilia kwa msambazaji. Bibi akasema afuatilie, yeye yupo hapo hapo kwenye mkeka.

Zilirudi usiku wa pili. Kwa mkokoteni wa punda, bila taa. Hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Bibi akachora mistari arobaini mingine, ndipo akaweka dole.

Madarasa yakaisha na yapo mpaka leo. Mwalimu mkuu alihamishwa, hakushitakiwa. Mtendaji naye akahamishwa baadaye. Bibi akaanza kusemwa mchawi, mbuzi wa jirani akifa ni yeye. Uchaguzi uliofuata hakurudishwa. Sababu iliyotolewa hadharani: mjumbe ajue kusoma na kuandika.

Zabibu Chungu
Nimesimama. Bibi apewe maua yake.

Bajaji ya Area C
"Kidole changu hakijahesabu mia mbili" 🙌🙌

Fundi Mchanga
Chai hii. Mifuko 200 iingie stoo ya shule ya kijijini usiku mmoja? Na fundi anaanzaje msingi bila kutumia simenti kwa hatua?

Mjukuu wa Mkaa
Wewe umesoma wapi kwamba msingi ulikuwa haujaanza? Hiyo ilikuwa awamu ya boma na lenta. Kama hujui uliza.

Fundi Mchanga
Mimi nimejenga madarasa ya hela za UVIKO, yale ya milioni 20 kwa chumba. Kwenye udongo wa mbuga msingi peke yake unakula nusu ya hela. Watu wanaona simenti imeisha wanasema imeibwa, kumbe imezama chini. Msimfanye kila fundi jambazi.

Mjukuu wa Mkaa
Nani kakutaja wewe? Imekugusa wapi?

Kifungu kwa Kifungu
Kwa faida ya mwanzisha uzi: kamati ya mapokezi si kamati ya shule. Ukiwa na mradi wa fosi akaunti kunakuwa na kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, kila moja na kazi yake, na mtu mmoja asijaze zote. Kwa hiyo kisa cha bibi ni kizuri ila kipo nje ya mada.

Mama Makande
Nje ya mada ndiyo wewe.

Kifungu kwa Kifungu
Nimeeleza utaratibu tu dada yangu. Na huku sekondari ni bodi, wajumbe wanateuliwa, hawapigiwi kura na wazazi uwanjani. Huku msingi ni kamati, mwalimu mkuu ndiye katibu, mwenyekiti anatoka upande wa wazazi. Watu wanachanganya.

Mgogo Ughaibuni
Salaam kutoka mbali. Nilipokuwa nasoma Uingereza, England, mwanangu alikuwa shule ya msingi ya serikali nikagombea nafasi ya mzazi kwenye bodi yao. Muda ni miaka minne, hakuna posho, kikao ni jioni baada ya kazi. Kazi kubwa tatu: mwelekeo wa shule, kumhoji mwalimu mkuu kuhusu matokeo ya watoto, na kuangalia hela inatumikaje. Bodi ndiyo inamteua mwalimu mkuu. Wakaguzi wa Ofsted wakija na ninyi mnahojiwa mnaijua vipi shule yenu. Lakini ukianza kuingilia nani afundishe darasa gani unaambiwa kistaarabu rudi kwenye kiti chako.

Debe la Uwele
Bodi inamteua mwalimu mkuu? Kwetu si mpwa wa mwenyekiti angekuwa mkuu wa shule kabla ya jua kuzama.

Ticha Mstaafu
😂 Na madawati yake yale.

Kijana wa Kibaigwa
Bila posho mtu gani anatembea kilomita nane kwenda kikaoni? Anaacha palizi? Tusilinganishe.

Mgogo Ughaibuni
Sijalinganisha, nimesimulia. Kule nako viti vya wazi vilikuwepo, kuwapata watu si rahisi.

Mama Mchungaji wa Mlimani
Mimi sina kisa kirefu. Kamati yetu kuna binti wa darasa la saba alianza kutafutiwa mahari. Mjumbe mmoja mzee akaenda kwa baba yake, hakwenda na polisi, alikwenda na pombe. Wakanywa, akamkumbusha ni miaka 30 jela kwa mtu atakayemwoa mwanafunzi. Ndoa ikafia hapo. Binti alifanya mtihani.

Zabibu Chungu
Alikwenda na pombe akarudi na mwanafunzi. Dodoma tuna mbinu zetu.

Mpangaji wa Nkuhungu
Wakuu nawashukuru, naona nina kazi kuliko nilivyodhani. Naomba ushauri wa moja kwa moja: kikao cha kwanza nianze na nini?

Bajaji ya Area C
Anza na kukaa karibu na mlango.

Kijana wa Kibaigwa
Omba taarifa ya benki, si ile iliyochapwa na mwalimu.

Ticha Mstaafu
Usianze na benki, utaonekana umetumwa. Kikao cha kwanza tembelea vyoo. Hesabu matundu, hesabu wasichana, halafu nyamaza. Kikao cha pili ndipo uliza hela.

Fundi Mchanga
Nyamaza vikao vyote viwili. Mgeni hajengi ukuta siku ya kwanza.

Mama Makande
Wanaokuambia unyamaze ndio wanaogonga vitako vya madebe. Uliza siku ya kwanza.

Kifungu kwa Kifungu
Omba muhtasari wa kikao kilichopita na mpango wa shule wa mwaka huu. Ukiambiwa umefungiwa kabatini na mwenye funguo amesafiri, umeshajua pa kuanzia.

Mjukuu wa Mkaa
Beba mkaa.

Mama Mchungaji wa Mlimani
Kikao ni siku gani? Kama ni Jumapili asubuhi usijisumbue, huku nusu ya wajumbe wako kanisani na nusu wako shamba.

Mpangaji wa Nkuhungu
Jumamosi saa nne.

Debe la Uwele
Saa nne ya kamati? Ondoka nyumbani saa sita, utamkuta katibu anafuta viti.