Fundi kanifomatia diski ya kazi kwa FAT32, halafu ananiambia kadi ya WiFi imekufa

Wakuu, nina hasira na leo sifichi.

Mimi ni mpiga picha za harusi. Nilimpelekea fundi laptop aniwekee Debian 12 (aina ya Linux) pembeni ya Windows, na diski ya TB 1 aigawe ili kazi zangu zisomeke pande zote mbili. Elfu hamsini, nikalipa taslimu. Swali aliloniuliza ni moja tu: "Paswedi uweke ipi?" Nahifadhi nini, faili zangu zina ukubwa gani, hakutaka kujua.

Akachukua GB 800 akazifomati FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili kwenye diski. Eti "inasomeka kila mahali." Inasomeka, ndiyo, lakini haibebi faili moja inayofika GB 4! Video ya sherehe nikishaihariri ina GB 7 hadi 9. Nikihamisha inakwenda vizuri, ikifika 4 inagoma. Kwa hilo mfumo mwingine, exFAT, ungetosha, kerneli (kiini) ya Linux inausoma tangu toleo la 5.4 la mwaka 2019. Ila kwangu hata exFAT ni hatari, maana nayo haina kumbukumbu ya kurejea umeme ukikatika katikati ya kazi, na betri ya laptop hii ilishakufa. NTFS, mfumo wa Windows, inayo. Haizuii kila hasara, ila si rahisi uamke ukute folda nzima imevurugika. Na kama ningekuwa natumia Linux peke yake, angeweka ext4, mfumo wa Linux wenyewe, akaenda zake.

Jumamosi umeme ukakata nikiwa nanakili picha za bi harusi. Uliporudi, folda ilikuwa na majina ya alama alama tu. Nampigia, ananiambia piga fsck, amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili. Nikapiga, nikaletewa rundo la vipande vya faili vilivyopoteza majina: FSCK0000.REC, FSCK0001.REC, mpaka huko mbele. Nikafungua moja kama picha: kilemba cha mama wa bibi harusi kinaonekana, kuanzia shingoni kushuka chini ni kijivu kitupu.

Halafu WiFi. Upande wa Debian haionekani kabisa, akasema kadi imekufa, ninunue nyingine. Imekufa vipi wakati nikiwasha Windows inashika? Nikapiga `lspci -nn` mwenyewe, amri ya kuonyesha vifaa vya ndani na namba zao: Broadcom BCM43142, 14e4:4365. Kweli Debian 12 ilikuja na fimuwea (programu za ndani ya vifaa) nyingi ndani ya flashi ya kusakinishia, lakini kadi hii inataka draiva ya broadcom-sta-dkms, nayo iko kwenye non-free, hazina ya Debian ya programu zisizo huria, haimo humo. Nikachomeka simu kwa waya wa USB, nikapata intaneti, nikaweka draiva na heda za kerneli (faili zinazohitajika kuijenga draiva). Nikawasha upya, WiFi hiyo hapo! Mtu anayejiita fundi ameshindwa kuangalia namba ya kadi kabla ya kuanza?

Sasa simu zangu hapokei. Hela yangu nitaifuata dukani kwake. Ninachoomba kwenu ni hizi .REC: nimeacha kuandika chochote kwenye ile diski tangu Jumamosi. Nani amewahi kuokoa picha za namna hii kwa PhotoRec, ile programu ya kurejesha faili zilizopotea? Ndugu wa bi harusi wanakuja Ijumaa.