Kikundi cha Ukoo wa Bibi: yule mtoto wa Witney

ALHAMISI

Da Zai: Asalaam aleikum ukoo. Shikamooni wakubwa wote. Naombeni macho yenu kwenye karatasi moja ya huku Witney, Uingereza, ya upande wa mama mkwe. Wiki ya tatu hii naitazama.

Da Zai: [Picha]

Mjomba: Waaleikum salaam. Marahaba mwanangu. Kaandika nani huyu, mbona kama kuku kaparura?

Da Zai: Karani wa sensa, Mjomba. Sensa ya 1841. Hiyo ndiyo ya kwanza Uingereza kuandika majina ya watu nyumba kwa nyumba. Walianza kuhesabu watu 1801, lakini serikali ilichotaka zamani ilikuwa idadi.

Kibibi: Da Zai, ukoo wao ni "Do"? Naona baba ana jina lake, wa chini wote ni Do, Do, Do.

Da Zai: Hiyo "do" maana yake kama hapo juu. Karani hakutaka kurudia.

Da Zai: Sasa nielezeni mnaona nini. Juu kabisa mzee miaka 55, kazi yake mfumaji. Chini yake mwanamke 55. Halafu kijana 20, kijana 15, na mtoto wa kiume miaka 10. Huyo wa miaka 10 ndiye ninayemtafuta. Ndiye baba yake babu yake mama mkwe.

Mama: Mama mkwe anaendeleaje na mguu?

Da Zai: Hajambo Mama, anatembea na mkongojo. Kafikisha 84 mwezi uliopita. Yeye ndiye aliyenituma. Ana Biblia ya familia, ukurasa wa mbele wameandika watoto wote waliozaliwa, kizazi kwa kizazi, kila mtu kwa mwandiko wake. Orodha inaanza na huyu mtoto. Anataka wa juu yake waandikwe kabla yeye hajaondoka.

Kibibi: Si umeshawapata? Huyo mzee wa 55 na mkewe.

Da Zai: Ndivyo nilivyoamini. Cheti chake cha ndoa cha 1854 ninacho, na sehemu ya jina la baba kaandikisha huyo huyo mzee, kazi mfumaji. Mtu mwingine mtandaoni naye kachora mti wa ukoo hivyo hivyo. Lakini moyo unakataa, na sijui unakataa nini.

Mjomba: Wafumaji wa nini, kaniki?

Da Zai: Mablanketi, Mjomba. Mji huu wote ulikuwa mablanketi. Mto Windrush unapita hapa, ndio uliosafisha sufu na kuzungusha mitambo. 1711 wafumaji walipewa hati ya Malkia Anne wajiendeshee kazi yao, na 1721 wakajenga Jumba la Blanketi pale barabara kuu. Kila blanketi lililofumwa lilipelekwa pale likapimwa uzito na urefu kabla ya kuuzwa. Jumba bado limesimama, na saa yake ukutani ina mshale mmoja tu. Mengi yalikwenda Kanada, kampuni ya Hudson's Bay ikibadilishana na wenyeji kwa ngozi za wanyama. Kiwanda cha mwisho kilifungwa 2002. Mama mkwe kafanya kazi kiwandani usichanani mwake, ndiyo maana jambo hili analishika hivi. Husema wao ni wafumaji baba kwa mwana.

Shangazi: Zai.

Da Zai: Labeka Shangazi. Shikamoo.

Shangazi: Marahaba. Huyo mwanamke wa 55 ndiye mama wa huyo wa miaka 10?

Da Zai: Ndivyo ilivyo kwenye karatasi. Ila Shangazi, sensa ile ya 1841 mtu mzima waliteremsha umri wake mpaka tano ya karibu. Wa 59 aliandikwa 55. Watoto chini ya 15 ndio walioandikwa miaka yao kamili.

Shangazi: Basi alijifungua ana 45, au hata 49. Mimi nimepokea watoto miaka thelathini. Wa 45 nimewaona, wachache. Wa 49 hapana. Na huyo kijana anayemtangulia, 15 yake inaweza kuwa 19?

Da Zai: Inaweza.

Shangazi: Pengo hilo. Uzazi wa mwanamke haukatiki kirahisi miaka tisa kisha ukarudi katika umri huo. Huyo si mama yake, huyo ni bibi yake. Mtoto kaletwa hapo na binti.

Mama: Loo.

Da Zai: Sensa hiyo haikuandika nani ni nani kwa nani. Ya 1851 iliandika. Ngojeni.

Da Zai: [Picha]

Da Zai: Shangazi, mikono yangu inatetemeka. Usiku wa tarehe 30 Machi 1851, nyumba ile ile. Mzee yuko, bibi yuko, kijana ana 20, mfumaji. Safu ya uhusiano na mkuu wa nyumba: MJUKUU.

Mjomba: Shangazi yako kasoma karatasi ya Wazungu bila miwani.

Shangazi: Nimesoma tumbo, si karatasi.

JUMANNE

Da Zai: Ukoo, leo nimeshinda Oxford, mtaa wa Cowley. Nyaraka za jimbo zimehifadhiwa huko, ndani ya kanisa la zamani lililogeuzwa hifadhi. Mkoba unaufungia nje, kalamu ya wino marufuku, unaingia na penseli na karatasi. Daftari wanakuletea, unalilaza juu ya mto laini lisivunjike mgongo, na ukurasa unaushikilia kwa kamba nzito iliyoshonewa kitambaa, mfano wa nyoka. Nimekaa nalo kama nimepakata mtoto.

Kibibi: Umempata?

Da Zai: Nimempata. Ubatizo, Februari 1831. Vyeti vya kuzaliwa vya serikali vilianza Julai 1837, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo unamtafuta kanisani. Tangu 1813 makanisa yalitumia daftari lililopigwa chapa, kila ukurasa watoto wanane, na safu zake: jina la mtoto, majina ya wazazi, wanapokaa, kazi. Watoto saba wa ukurasa ule wana baba na mama. Wa kwetu ana mama tu. Pa baba hamna kitu, hata mstari kasisi hakuchora. Na kwenye kazi kaandika "spinster".

Kibibi: Msokota nyuzi? Si ndiyo kazi za hapo?

Da Zai: Nami nilidhani hivyo, ukizingatia mji wenyewe. Kumbe maana yake mwanamke asiyeolewa.

Mama: Masikini binti wa watu.

Da Zai: Binti huyo nimemwona tena 1841, mtumishi wa ndani kwa mwoka mikate, umri kaandikwa 30. Mtoto kwa bibi, mama kazini kwa watu. Baada ya hapo simwoni. Si ndoa, si maziko.

Shangazi: Mambo ya kwetu hayo hayo. Tumelea wangapi hivyo.

Da Zai: Na baba ndio basi. Pale wazi pamefunga njia.

Mjomba: Hapajafunga. Zai, nisikilize. Nimekuwa karani wa mahakama miaka 31. Maskini hana shamba la kuandikisha wala wosia. Anaingia kwenye daftari kwa mlango wa madai. Mtoto alikula nini? Nani alilipa? Jina likikosekana kanisani, litafute kwenye daftari la hela.

Da Zai: Hela zipi Mjomba, hawa hawakuwa na kitu.

Mjomba: Ndiyo maana. Asiye na kitu hulishwa na mwingine. Huko zamani nani aliyelisha maskini?

Da Zai: Parokia. Tangu sheria ya 1601 kila parokia iliweka waangalizi wa maskini, wanakusanya kodi kwa wenye nyumba na kulisha maskini wao wenyewe. Maskini wa parokia nyingine walimrudisha kwao.

Mjomba: Basi wewe ungekuwa mwangalizi, binti anakuja na tumbo, hana mume, mtoto atakuwa mzigo wa kodi yako. Ungeuliza nini?

Da Zai: Baba ni nani.

Mjomba: Na ungeandika jibu. Na ungetia muhuri.

IJUMAA

Da Zai: Mjomba.

Da Zai: Mjomba upo?

Mjomba: Nimetoka msikitini sasa hivi. Sema.

Da Zai: Ni kama ulivyosema. Parokia nyingi zilitunza karatasi zao kwenye sanduku, na za parokia hii ziko huko huko Cowley. Nimeomba fungu la karatasi za watoto wa nje ya ndoa. Zimekunjwa mara nne, rangi ya chai. Ya tisa ndiyo ya kwetu. Binti kafikishwa mbele ya mahakimu wawili, kaapishwa, kataja jina la mwanamume na parokia yake. Mtumishi wa shamba, parokia ya pili kutoka hapa. Kaamriwa alipe shilingi 1 na peni 6 kila wiki mtoto akiwa hai na akiwa mzigo wa parokia.

Kibibi: Shilingi!

Da Zai: Shilingi zao. Na chini binti katia alama yake, hakujua kuandika. X. Wote wanatia X, lakini hii kaikandamiza mpaka kalamu imechubua karatasi. Ukipitisha kidole upande wa nyuma unaisikia. Msimamizi alinionyesha nigeuze polepole. Nimekaa hapo nimelia, nisiwafiche.

Mama: Usilie mwanangu.

Da Zai: Mama, angekuwa na miaka ishirini na kitu, kasimamishwa mbele ya wanaume wote wale, kila mmoja anahesabu hela yake. Hakuna aliyeandika karatasi ile kwa kumpenda mtoto. Na bila karatasi ile mtoto hana baba mpaka leo. Angezaliwa miaka minne baadaye huenda tusingeipata, maana sheria ya 1834 ilimbebesha mama mzigo, na parokia ikaacha kumfukuzia mwanamume kwa njia ile.

Mjomba: Kwa hiyo yule kijana alipoandikisha babu yake kuwa ndiye baba siku ya ndoa, hakudanganya kwa ubaya.

Shangazi: Aliandikisha aliyemlea.

Da Zai: Sasa nimekwama pengine. Nimwambieje mama mkwe? Yeye kakaa miaka 84 na wafumaji baba kwa mwana.

Kibibi: Mwambie tu ukweli, Uingereza ya leo nani anajali.

Shangazi: Kibibi, mzee ni mzee popote. Zai, usimwendee na karatasi mkononi kama askari kanzu. Nenda na chai. Mpeleke kwa huyo binti kwanza, alifanya kazi kwa nani, mtoto alilelewa na nani. Ya mwanamume yaje mwisho, na asipouliza nyamaza. Wala usiyaseme mbele ya wajukuu.

Mama: Na mumeo anajua?

Da Zai: Anajua. Kasema niende mimi, yeye ataharibu.

JUMAPILI

Da Zai: Nimetoka kwa mama mkwe. Nilifanya kama alivyosema Shangazi. Nilimweleza binti tangu mwanzo, kwa mwoka mikate, mtoto kwa bibi. Kakaa kimya, kikombe kimepoa. Halafu kauliza, "Alikuwa anakwenda kumwona?" Nikamwambia vitabu havisemi. Kasema kutoka kwa yule mwoka mikate mpaka nyumbani kwao ni mwendo wa dakika kumi, basi alikwenda.

Mama: Alikwenda bila shaka.

Da Zai: Kisha ndipo akauliza ya baba. Nikampa nakala. Kaisoma mara mbili, akaiweka chini ya sahani ya biskuti. Akasema mfumaji alikuwa babu, na ufundi alimpa babu, kwa hiyo hajaona kilichobadilika. Ila binti ameachwa nje ya Biblia miaka yote hii, na hilo ndilo lililomchoma. Akaniambia nimletee Biblia.

Da Zai: [Picha]

Kibibi: Kaandika mwenyewe?

Da Zai: Mwenyewe, na mkono unatetemeka hivyo. Nafasi ya juu ilikuwa ndogo, kabana jina la binti juu ya mstari wa kwanza kabisa, karibu na ukingo. La mwanamume kasema atalifikiria.

Mjomba: Mwache alifikirie. Ana haki yake.

Shangazi: Wote hapo wana mwaka wa kuzaliwa. Huyu mbona hana?

Da Zai: Hatuujui, Shangazi. 1841 kaandikwa 30, na 30 ya sensa ile inaweza kuwa 34. Ubatizo wake utakuwa kati ya 1806 na 1811, ila kwenye daftari la Witney sikumwona. Huenda wazazi wake walihamia.

Shangazi: Mzee wa 1851 kaandikwa kazaliwa wapi?

Da Zai: Subiri niangalie.

Da Zai: Si Witney. Burford, mji wa jirani.

Shangazi: Basi Jumanne urudi.