Ukuta mmoja, picha moja: kipi kinasema "hapa ni Tanzania"?

FundiRangi_Sinza
Wadau, heshima kwenu. Mimi ni mchoraji wa mabango na kuta. Nimepata kazi ya mgahawa Muscat, kule Oman, mwenyewe ni mzaliwa wa Unguja aliyehamia kule zamani. Anataka ukuta mmoja, mita nne kwa tatu, picha moja. Sharti lake: "Mtu akiingia, kabla hajashika menyu, ajue hapa ni Tanzania. Si Afrika. Tanzania."

Hiyo "si Afrika" ndiyo imeninyima usingizi. Kazi zangu zote za nyuma ni mbuyu, jua linazama, Mmasai kasimama mguu mmoja. Ukiipeleka nchi yoyote inakaa.

Nimebaki na vinne: Mlima Kilimanjaro, twiga, Mwenge wa Uhuru na Beit al-Ajaib. Najua kila mtu atavutia kwao, lakini semeni.

MtuWaKibosho
Mlima. Funga uzi. Mita 5,895, Afrika nzima hakuna unaoufikia. Uhuru ulipoingia Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge na bendera hadi kileleni, ndiyo maana pale panaitwa Uhuru. Ukichora mlima umechora na mwenge humo humo.

Ilala_Boma
Mkuu, tatizo la mlima ni kwamba wageni wengi wameujua kwa picha za Kenya. Ile picha maarufu ya tembo wanapita na theluji nyuma yao ni ya Amboseli. Binamu yangu yuko ughaibuni, kila akitaja Kilimanjaro anaulizwa kutoka Nairobi ni saa ngapi.

MtuWaKibosho
Hapo ndipo mnapopigwa. Ule mlima una sura mbili. Ukiwa Amboseli unautazama kutoka kaskazini, kwa hiyo kilele cha Mawenzi kinakuwa kushoto kwako na cha Kibo kulia. Ukiwa Moshi unautazama kutoka kusini: Kibo kushoto, Mawenzi kulia. Mimi nimekua nikiuona hivyo asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika. Ikifika saa nne mara nyingi umeshapotea.

Bibi yangu alikuwa akitusimulia kwamba Mawenzi alikuwa mvivu, moto wake unazima kila siku, anakwenda kuomba kaa kwa Kibo. Siku Kibo alipochoka akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi imechongoka ovyo vile na Kibo ni laini kama kichwa cha mzee. Fundi, weka Mawenzi kulia, toa tembo, panda migomba na kahawa chini. Anayejua atajua umesimama wapi.

FundiRangi_Sinza
Daah. Miaka kumi na mbili nachora huo mlima, kumbe nanakili picha za Amboseli. Kuna gesti Mbezi nimeipaka ukuta mzima iko upande wa Kenya.

Ilala_Boma
😂😂 Usiwaambie.

BintiForodhani
Nyie wa bara mshagawana ukuta. Mwenye mgahawa katoka Unguja, hilo hamkulisoma? Mtu wa Unguja huo mlima anauona kwenye televisheni. Beit al-Ajaib imejengwa 1883, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwetu kuwa na umeme na lifti, watu wakaiita Nyumba ya Maajabu. Ukishuka bandarini ndiyo inayokupokea. Ilipoporomoka upande mmoja ile 25 Desemba 2020, kuna watu wazima walilia, na mimi mmoja wao. Jengo watu hulililia pale tu linapokuwa lao.

Yupo_Ruwi
Mimi niko Muscat mwaka wa tisa sasa. Dada yangu, uchungu wako naujua, lakini jengo hilo la Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar mwenye asili ya Oman, ukilichora huku, mteja ataangalia aseme "hii ya kwetu". Milango ya kuchonga vile vile, wanayo. Hadithi itakayosomwa pale ukutani ni ya Oman ya zamani. Tanzania haitaonekana.

BintiForodhani
Hilo sikulifikiria, wallahi. Basi karafuu. Hata nembo ya taifa iliona mbali: bwana na bibi wamesimama juu ya mlima, bwana karafuu miguuni, bibi pamba. Huwezi kutuwekea mlima mtupu ukasema umemaliza Tanzania.

Ilala_Boma
Nembo yenyewe fundi asiinakili lakini. Ina sheria yake, haibandikwi kwenye biashara hovyo.

Kijana_wa_Nyamagana
Twiga mbona kimya?

Ilala_Boma
Twiga mkiani mwa ndege ya Air Tanzania kapendeza. Ila kwenye nembo hayumo, na kwenye noti tembo kapewa elfu kumi, kifaru elfu tano, simba elfu mbili. Sisi wenyewe tulimruka. Na Kenya wapo vile vile.

Mwenge nao naupenda kwa maneno ya Mwalimu ya 1959, uwekwe juu ya mlima umulike hata nje ya mipaka yetu. Lakini kwa mgeni mwenye njaa mwenge ni mwenge, atadhani Olimpiki. Na mtaani kwetu ukitaja Mwenge watu wanakumbuka michango na barabara iliyofagiliwa siku moja.

Kijana_wa_Nyamagana
Chora zege basi. Chipsi mayai, kachumbari, tomato pembeni. Hakuna nchi itakayodai.

MtuWaKibosho
Toka hapa.

FundiRangi_Sinza
Usimfukuze, ni mgahawa jamani.

Shangazi_Ngamiani
Wanangu, nimewasoma tangu juu. Mlima, jengo, mnyama, na binadamu hamna. Nitolee Mtanzania aliyezaliwa bila kupokelewa kwa kanga. Tunabebea mtoto, tunafunga kiunoni tukipika, tunakwenda nayo harusini na msibani. Na kwa fundi kazi inajipanga yenyewe: pindo linazunguka ukuta, mji unakaa katikati, jina linaandikwa chini. Huyo wa Kibosho mlima wake ukae kwenye mji, mwanangu wa Forodhani karafuu zake zikae kwenye pindo. Mnagombania nini?

Mvita_Asili
Shangazi, kwa heshima zote, hiyo ni leso. Zile za "Mali ya Abdulla" zatoka kwetu Mombasa, na wake zetu wazivaa kama nyinyi. Mwaichukuaje iwe Tanzania peke yenu?

Shangazi_Ngamiani
Sijaichukua, baba. Kutoka hapa Tanga hadi kwenu ni safari ya asubuhi, tunavaa doti moja. Nimesema iupambe ukuta, kitakachosema Tanzania ni kilichomo katikati.

Mvita_Asili
Hapo nimekuelewa shangazi. Ila hiyo Mawenzi muiweke kulia kweli, nisije nikaiona nikadhani niko kwetu.

Rangi_ya_Baiskeli
Mmebishana kuhusu kitu cha kuchora, mkono wa kuchorea hamjaugusa. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora hapa Dar mwaka 1968, kwa rangi ya mafuta ile ya kupaka baiskeli, kwenye vibao vya mraba. Mwaka 1972 akafariki. Miaka minne tu! Vijana waliojifunza kwake ndio waliouendeleza, na hadi leo mtindo unabeba jina lake. Fundi akiuchora mlima kwa picha ya kamera ataonekana kanakili kalenda. Akiuchora kwa mkono wa Tingatinga, rangi zinawaka, mstari mweusi unazunguka kila jani, hakuna atakayeuliza Nairobi.

Ilala_Boma
Maduka ya vinyago Nairobi yamejaa Tingatinga, mkuu.

Rangi_ya_Baiskeli
Yamejaa, na wanaziita Tingatinga. Jina hawakubadilisha.

FundiRangi_Sinza
Wadau, mrejesho. Jana nimemtumia mwenye mgahawa mchoro wa penseli: mlima kwa Tingatinga, Mawenzi kulia, migomba chini, pindo la kanga la karafuu. Kaupenda. Pindo amelikubali bila neno, karafuu zilimkuna.

Mambo mawili tu. Kwanza, kwenye jina anataka iandikwe "Karibu Tanzania".

Shangazi_Ngamiani
Kanga haisemi karibu. Kanga inampiga mtu kijembe. Mwambie afikirie tena.

FundiRangi_Sinza
Nitamwambia shangazi. La pili, anataka minazi mitatu pale mbele ya mlima. Nikamweleza kwamba ukisimama Moshi huoni minazi. Kanijibu: "Kwenye ukuta wangu ipo."

BintiForodhani
Mungu amzidishie. Mwambie mitatu michache.

MtuWaKibosho
Minazi? Kilimanjaro?? Fundi, mimi na huo ukuta basi. Ukiulizwa nani alikushauri, usinitaje.