Altezza RS200 inavuta hewa ya moto kwenye foleni: nishushe koni ndani ya bampa au nirudishe boksi?

Wakuu, habari za jioni.

Nina Altezza RS200 ya 1999, ile ya gia 6 za mkono, injini 3S-GE yenye VVT-i mbili (mfumo wa kubadili muda wa vali kufunguka). Nimeinunua mwezi wa nane kwa jamaa mmoja wa Tabata. Bodi safi, gia zinaingia vizuri, ila boksi la ea klina (chujio la hewa ya injini) la kiwandani halipo. Jamaa alilitoa akafunga koni ya wazi, yaani chujio la umbo la koni lisilo na boksi, imekaa ubavuni mwa injini bila kizuizi chochote. Nilipomuuliza boksi liko wapi akacheka, eti lilishaenda na wakata vyuma chakavu.

Nikitoka Tegeta saa kumi na moja alfajiri, gari ni simba. Jioni nikirudi, nikishakaa nusu saa pale Mwenge, nikikanyaga mafuta ni kama nimepakia saruji. Mshale wa joto uko palepale katikati, feni inazunguka, plagi nimebadilisha, taa ya injini haiwaki. Ikipata barabara nyeupe dakika kama tano inaanza kuchangamka tena.

Fundi wangu anasema dawa ni bomba refu, koni ishuke chini kabisa ndani ya bampa ikavute hewa ya baridi. Anataka laki tatu na nusu, kazi na vifaa. Nina laki nne za kuchezea, basi. Nisaidieni kabla sijaharibu.

Chuma Mboga
Usiitoe hiyo koni mkuu! Ule mlio wake ukivuta gia ya pili ndiyo Altezza yenyewe.

Babu Kabureta
Mlio ndio unaomlia nguvu, dogo.

Mleta uzi, gari lako haliumwi, linavuta jasho lake lenyewe. Hewa ikipata moto inatanuka, kwa hiyo kila lita inaingia na oksijeni kidogo zaidi. Tuseme nje ni nyuzi 30 na chini ya boneti kwenye foleni ni 60: hewa hiyo ya 60 ni nyepesi kwa asilimia 9 hivi. Na hasara haiishii hapo. Injini hiyo mbano wake ni 11.5 kwa 1, na Toyota waliipangia petroli ya oktani ya juu. Ukiipa hewa ya moto, mafuta yanataka kulipuka kabla ya zamu yake. Sensa ya kugonga inasikia, kompyuta inarudisha nyuma taimingi, yaani wakati wa cheche. Hiyo ndiyo saruji yako. Taa haiwaki kwa sababu kwa kompyuta hakuna kilichoharibika, inailinda injini tu.

Kabla hujatoa hata mia, nunua kipimajoto cha waya, kile cha kupimia friji. Ncha ya waya iweke jirani na koni, isiguse chuma, kioo chake ukibandike kwenye dashibodi. Endesha siku tatu uandike: nje, kwenye foleni, na gari likiwa mwendoni. Kama mwendoni inakaribia joto la nje, tatizo lako ni la foleni tu, na kwenye foleni farasi 210 unawapeleka wapi?

Jambo jingine watu hawalifikirii. Injini ya lita 2 kwa mizunguko 7,000 inaweza kuvuta hadi lita 7,000 za hewa kwa dakika. Kwa kasi hiyo hewa haina muda wa kuota moto ndani ya bomba, kwa hiyo hizo tepu za dhahabu za kuzungushia bomba ni urembo. Angalia hewa inatoka wapi.

Mkazi wa Jangwani
Nisikilizeni mimi niliyelipa ada. Celica yangu niliifungia bomba la kushuka kwenye bampa, fundi mwingine, maneno yaleyale. Kiangazi chote raha. Masika ilipoingia nikakuta dimbwi njiani, maji hayajafika hata kwenye kizingiti cha mlango, nikapita nyuma ya daladala. Wimbi lake likaingia chini ya bampa. Gari likazima pwaa! Kosa langu kubwa nikawasha tena. Maji hayabanwi wakuu. Konrodi (mkono wa pistoni) moja ikapinda, nikaishia kutafuta injini ya mtumba. Ukizima majini usiguse ufunguo: vuta gari, fungua plagi kwanza.

Kwa jiji hili la Dar mdomo wa hewa ukae juu, usawa wa taa. Kama hujawahi kupita bonde la Jangwani likifurika mwezi wa nne, waulize waliopita.

Dada Spana
Naongezea kwa sababu sijaona aliyeigusa sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Imepimiwa kipenyo cha bomba ilimokaa. Fundi akiihamishia kwenye bomba pana zaidi, inasoma hewa pungufu kuliko iliyopita, na petroli inapungua nayo. Na ikikaa mara tu baada ya kona, hewa inapita imejisokota, injini inayumba ikiwa sailensi (inanguruma bila kukanyagwa). Mwambie asibadili kipenyo hapo kwenye sensa, na aache kipande kilichonyooka kabla yake. Kama koni yako ni ya kupaka mafuta, paka kiasi, yasije yakaifikia sensa. Fundi mmoja wa kwetu huku anaipaka kama mandazi.

Nyanda za Juu
Nyie mko usawa wa bahari mnalalamika? Mbeya tuko mita 1,700, karibu asilimia 18 ya mgandamizo wa hewa tumeuacha huko kwenu. Baridi yetu inarudisha kidogo tu.

Babu Kabureta
@Nyanda za Juu, unyevu wetu je? Siku ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, asilimia 3 hivi ya hewa tunayovuta ni mvuke. Nao hauchomi petroli.

Fundi Sufuria
Mleta uzi, nenda Gerezani kwa mafundi bati na kipande cha boksi la kadibodi. Kata kadibodi mwenyewe kwenye gari mpaka izungushe koni pande zote na kugusa chini ya boneti, kisha mpe fundi akukatie bati la alumini kwa kipimo hicho. Ukingo wa juu uvalishwe mpira wa mlango wa gari ili boneti ikifungwa izibe. Acha tundu mbele tu, liangalie nyuma ya grili, juu ya rejeta. Ukuta bila mpira na bila tundu la mbele ni pambo, joto linaruka juu na kuingia.

Mleta uzi
Wakuu, nimerudi, wiki ya tatu sasa.

Kipimajoto nilinunua Kariakoo. Kabla: nje 31, foleni ya Mwenge 63, mwendoni kuelekea Bunju 46. Yaani hata nikitembea nilikuwa nyuzi 15 juu ya hewa ya nje. Nikafuata kadibodi ya Fundi Sufuria. Bati, mpira na kazi haikufika laki moja. Boneti mara ya kwanza ilikataa kufunga, tukapunguza ukingo. Sasa foleni 49, mwendoni 35. Bomba na sensa havikuguswa.

Saruji imeshushwa, labda umebaki mfuko mmoja. Mlio umefifia kidogo, Chuma Mboga anisamehe. Kitu kimoja sijakipenda: ule upande wa tundu unaingiza vumbi la njia ya kwetu, koni imeshakuwa kahawia, itabidi niioshe mapema.

Laki zilizobaki bado nalitaka boksi la kiwandani. Mwenye boksi zima la SXE10 (Altezza kama yangu), na mdomo wake wa mbele, aje inboksi. Bila mdomo asijisumbue.