Naomba ushauri: dikanta ya krista, wiski inaweza kukaa humo? Na mvinyo je?

Mkwe wa Tabata
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa vinywaji.

Kuna familia ya wageni ilikuwa inahama Masaki ikauza vitu vya ndani, nikachukua dikanta mbili, yaani zile chupa za kioo za kumiminia kinywaji ili kukiandaa mezani. Moja ni ya mraba, nzito kwelikweli, imechongwachongwa pande zote, na kizibo chake ni kioo kitupu. Chini ina kibandiko kilichofifia, ila bado kinasomeka: Bohemia (kule Ucheki), halafu 24% PbO. Ya pili ni pana chini, ina shingo ndefu, haina michoro wala kizibo, nyepesi kabisa.

Disemba nina ugeni wa ukweni. Baba mkwe hupenda wiski kidogo baada ya chakula, mama mkwe ni mtu wa mvinyo mwekundu. Nilipanga nimimine chupa nzima ya wiski kwenye ile ya mraba, ikae kabatini hadi wafike, na ibaki hivyo kama pambo la sebule. Kabla sijafanya hivyo naomba kujua kama ni sawa. Na mvinyo wa Dodoma unahitaji kumiminwa kwenye dikanta, au hayo ni mambo ya mvinyo wa Ulaya tu?

Mtoto wa Kibaigwa
Hongera mkuu, hivyo vitu dukani bei yake si ya kitoto. Ya mraba ni ya wiski na brandi, ile pana ni ya mvinyo. Kuhusu kuacha kinywaji humo ngoja waje wataalamu.

Maabara
Mkuu, umefanya vizuri kuuliza kabla. Hiyo PbO ni oksidi ya risasi, yaani madini ya risasi yamo ndani ya kioo chenyewe. Ulaya kuna sheria ya mwaka 1969 kwamba kioo hakiruhusiwi kuitwa krista ya risasi mpaka kiwe na angalau 24% ya oksidi hiyo. Ndiyo maana ni nzito, inang'aa, na ukiigonga kwa ukucha inalia kama kengele. Utaalamu wenyewe ni wa zamani: George Ravenscroft wa London alipewa hataza ya kioo cha namna hiyo mwaka 1674. Risasi hulainisha kioo, fundi akakichonga bila kupasuka, na huvunja mwanga ukatoka na rangi za upinde wa mvua.

Shida ni kwamba kinywaji kikikaa humo kinainyonya ile risasi kidogo kidogo. Joseph Graziano na Conrad Blum wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 1991 kwenye jarida la Lancet. Mvinyo wa port (ule mtamu ulioongezewa pombe kali) ulioanza na mikrogramu 89 za risasi kwa lita ulikaa miezi minne kwenye dikanta ya krista, ukafika zaidi ya 5,000. Brandi iliyokaa zaidi ya miaka mitano ilifika kama 20,000. Ili uone ukubwa wake, Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 kwa lita.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ile ya mraba itumie kuandalia mezani tu. Mimina jioni wageni wakiwa wanakaribia kula, kinachobaki kirudishe kwenye chupa yake usiku huohuo. Usiache hadi kesho, achilia mbali hadi Disemba.

Mzee wa Kaunta
Nimefanya kazi baa za hoteli muda mrefu na dikanta za krista zilikuwa zinapangwa kaunta kila siku. Wateja walikunywa na wakarudi. Naona tunatishana bure.

Maabara
Mzee wangu shikamoo. Sikatai ulichokiona. Lakini risasi haimwangushi mtu siku hiyohiyo. Inajikusanya mwilini, hasa kwenye mifupa, na madhara yake kwenye shinikizo la damu, figo na neva huja taratibu mtu asijue yametoka wapi. Tena kwenye kaunta yenye wateja chupa inaisha mapema, kinywaji hakipati muda wa kukaa. Pambo la sebuleni ni tofauti, linaweza kukaa mwaka mzima linanywewa tone tone.

Mzee wa Kaunta
Marahaba. Hilo la kuisha mapema ni kweli, kwetu ilikuwa haivuki usiku mbili.

Basi niongeze langu upande wa wiski. Wiski haipati faida yoyote kwenye dikanta. Ikishatoka kwenye pipa la mbao imemaliza kukomaa, ikae kwenye chupa au kwenye krista ni ileile. Hasara ndiyo ipo: vizibo vingi vya kioo havibani sawasawa, hewa inaingia, harufu inatoka, na kilevi kinapungua polepole. Na kwa wazee nakushauri chupa yenyewe uiweke pembeni ya dikanta. Mzee wa heshima hupenda kuona anakunywa nini.

Zabibu Nzuguni
Nijibu la mvinyo maana niko Dodoma, hapa ndipo nyumbani kwake.

Mvinyo humiminwa kwenye dikanta kwa sababu mbili tofauti, na watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza ni mashapo. Mvinyo mwekundu uliokaa chupani miaka kumi na zaidi, na port ya zamani, huacha uchafu mweusi chini. Hauna madhara, ila ni mchungu na unakwaruza ulimi. Ya pili ni hewa. Mvinyo mwekundu mchanga wenye ukali, ule unaokausha fizi, ukipata hewa nusu saa hadi saa moja au mbili unalainika na harufu yake inafunguka.

Mvinyo wetu mwekundu, wa zabibu ya Makutupora na nyinginezo, kwa kawaida hunywewa mchanga, kwa hiyo mashapo si tatizo lako. Unachotafuta ni hewa. Tumia ile pana nyepesi, mimina chupa nzima kama dakika thelathini kabla ya chakula, na usiogope ikimwagika kwa nguvu ikapiga ukuta wa kioo, ndivyo inavyopata hewa. Onja ikitoka, onja tena baada ya robo saa, utaona tofauti mwenyewe. Ukiona imeshakaa vizuri, andaa, usingoje saa ifike. Kama mama anapenda mtamu, yaani Dompo, huo mpe moja kwa moja kutoka kwenye chupa.

Jambo ambalo naona Dar mnalisahau ni joto. Mvinyo mwekundu ni mzuri kwenye nyuzi 16 hadi 18 hivi. Sebule ya Dar mwezi wa kumi na mbili ni nyuzi 30. Ukiumimina na kuuacha mezani saa nzima, utaandaa kitu cha moto chenye harufu ya pombe tupu, na hapo watu watasema mvinyo wa Dodoma mbaya. Weka chupa kwenye friji nusu saa kwanza, ndipo umimine, kisha ikalishe dikanta kwenye bakuli la maji baridi.

Siku ukipata chupa ya zamani kweli, isimamishe wima siku nzima ili mashapo yatulie chini. Zibua taratibu kwa kizibuo bila kuitikisa, futa mdomo kwa kitambaa safi, washa tochi ya simu chini ya shingo ya chupa, halafu mimina kwa mkono mmoja uliotulia, bila kusitasita. Utaona mvinyo safi ukipita kwenye mwanga, mara unatokea uzi mweusi unatambaa kuelekea shingoni. Hapohapo simama. Mvinyo wa mwisho, kina cha vidole viwili hivi, uache kwenye chupa. Na chupa ya aina hiyo usiipe hewa saa nyingi, inachoka haraka. Mimina, andaa, mnywe.

Dada Lulu
Usafi jamani. Sabuni inaacha harufu ndani na huwezi kuifikia kwa mkono. Tumia maji ya uvuguvugu, siki kidogo na mchele mkavu kiganja kimoja, zungushazungusha mpaka doa la zambarau litoke, suuza mara kadhaa. Kausha ukiwa umeigeuza kichwa chini ndani ya jagi pana ili shingo isiguse chini. Maji ya moto sana kwenye krista usithubutu, inapasuka.

Mkwe wa Tabata
Nawashukuru sana, wakuu, nimeelewa. Wiski inabaki kwenye chupa hadi siku yenyewe. Bado mawili. Kizibo cha ile ya mraba kimenata, hakitoki. Na mke wangu anauliza kama siku za kawaida anaweza kuitumia kuwekea watoto juisi ya ukwaju.

Dada Lulu
Dondosha mafuta ya kula kuzunguka kizibo, acha usiku kucha. Asubuhi zungushia shingo kitambaa cha uvuguvugu, halafu kigonge kizibo polepole kwa mwiko wa mbao, upande huu na upande huu. Usikinyonge kwa nguvu, shingo itakatika na kukukata.

Maabara
La watoto, hapana kabisa, shem atusamehe. Ukwaju, pasheni, ndimu, vyote vina asidi, na asidi inainyonya risasi. Mtoto mwili wake unaipokea kuliko wa mtu mzima na inaathiri ubongo unaokua. Kwa risasi hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwao. Mama mjamzito au anayenyonyesha naye asiitumie hata kwa maji. Kuloweka na siki kabla ya matumizi kunapunguza kiasi fulani juujuu, lakini risasi imo kwenye kioo chote, huwezi kuimaliza.

Na ile nyepesi isiyo na alama igonge kwa ukucha. Ikitoa mlio mfupi uliokufa, uwezekano mkubwa ni kioo cha kawaida. Ikilia kwa muda mrefu, ihesabu kuwa ni krista na ufuate kanuni ileile: kinywaji kimiminwe na kimalizwe jioni hiyohiyo. Ukitaka ya kuwekea juisi nunua mpya iliyoandikwa kwamba haina risasi. Siku hizi hata viwanda vya Bohemia vinatengeneza, inang'aa vilevile na watoto wataitumia bila wasiwasi.