Naacha pombe: niwaombe akina nani wanishike mkono, na kwa kazi gani?

Muulizaji: Ndugu zangu, leo ni siku ya 19 tangu niache pombe, baada ya kunywa karibu kila siku kwa miaka 11. Mnasihi wangu amenishauri nitafute watu wachache wa kunishika mkono, lakini nilipokaa kuandika majina, kalamu ilisimama kwenye jina la pili. Mke wangu amechoka, na rafiki zangu wote tulijuana kwenye meza ya pombe. Mnawachaguaje watu hao, na mnawaomba nini hasa?

Jibu la 1: Hongera sana, ndugu. Mimi nina miaka 6 sijanywa, na kosa langu la mwanzo lilikuwa kumwambia kila mtu "nisaidie" bila kumwambia anisaidie nini. Ombi liwe dogo na liwe na saa yake. Kaka yangu nilimwomba jambo moja tu: siku ya mshahara, nikitoka kazini, anipigie simu tuzungumze mpaka nifike nyumbani. Hakunihubiria hata siku moja. Tulizungumza habari za mpira, na nilipokuja kushtuka, mlango wa baa nilikuwa nimekwisha kuupita. Mkeo usimfanye askari wa kukunusa mdomo kila jioni. Naye ameumia, na anahitaji watu wake mwenyewe. Makundi ya Al-Anon yalianzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya familia kama yako.

Jibu la 2: Mimi ni muuguzi, na ninasisitiza kwamba mhudumu wa afya asikosekane. Kwa mtu anayekunywa sana kila siku, kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege katika siku mbili za mwanzo, na baadaye kuweweseka kunakoweza kuua. Wewe umekwisha kuvuka hapo, lakini ikitokea umerudia kunywa kila siku, usijaribu kuacha peke yako nyumbani. Muulize pia daktari kuhusu naltreksoni, dawa inayowapunguzia wengi hamu ya pombe.

Jibu la 3: Tafuta na mtu aliyepita njia hii. Mwaka 1935 Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache, alijikuta peke yake hotelini mjini Akron, Marekani, biashara yake imekwama na baa iko hatua chache kutoka alipo. Akaiacha baa, akashika simu kutafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, mpaka akakutanishwa na daktari Bob Smith, na hapo ndipo ilipoanzia Alcoholics Anonymous, yaani makundi ya walevi wanaokutana kusaidiana kuacha pombe. Mtu wako ukishampata, namba yake iandike kwenye karatasi uiweke kwenye pochi, pale pale unapoweka fedha, kwa sababu hamu ikipanda mkono hukimbilia huko. Mpigie kabla ya glasi ya kwanza, hata kama ni usiku wa manane.

Muulizaji: Asanteni kwa moyo wote. Nimemwomba dada yangu anipigie kila Ijumaa saa 12 jioni, akajibu kwa neno moja: "Nitapiga." Namba ya pili bado sina, kesho jioni nakwenda mkutanoni kuitafuta.