Tupeane uzoefu: elimu ya Ukimwi kwa vibarua wa Malindi na Lamu, tufundishe nini hasa?

Mtoa mada
Wandugu mnaofundisha kwenye mashamba ya chumvi Gongoni na Marereni, kwa wakata boriti wa Lamu, kwenye machimbo ya mawe na madago (kambi za msimu) ya wavuvi, leteni mnayoyajua. "Ukimwi upo na unaua" kila kibarua ameshaisikia mpaka imemchosha. Asichoambiwa ni saa, siku, na namna ya kushika vitu.

Naanza na saa 72. Mpira (kondomu) ukipasuka au mtu akibakwa, dawa ya PEP, ya kuzuia VVU baada ya hatari, ianze ndani ya muda huo, na mapema ndiyo bora. Humezwa siku 28 bila kukatiza. Msiseme "siku tatu", maana mtu huanza kuhesabu kesho yake. Semeni: yaliyotokea Ijumaa usiku, mwisho wake Jumatatu usiku. Na asingoje kliniki ifunguliwe Jumatatu. Aende upande wa dharura wa hospitali usiku huohuo.

Boriti_Lamu
Mafuta ya nazi! Yako kila nyumba hapa pwani, na watu huyatumia kulainisha. Mafuta yoyote, ya nazi, ya mgando au losheni, huulegeza mpira wa lateksi kwa dakika chache tu, kisha unapasuka. Kilainishi kiwe cha maji.

Joto nalo ni adui. Paketi iliyokaa mfuko wa nyuma wa suruali, juani kwenye dau au chini ya bati, usiiamini. Iwekwe ndani ya kopo lenye kifuniko, kivulini. Kabla ya kufungua, soma tarehe, kisha finya paketi: isipokuwa na hewa ndani, tupa. Usirarue kwa meno. Bana ncha ili hewa itoke, na usivae miwili pamoja kwani husuguana. Darasani kila mtu ajaribu kwenye kielelezo cha mti, na anayesema anajua ndiye aanze.

Muuguzi_Marereni
Niongeze kipimo cha mate cha kujipima VVU, maana wanaume wa chumvi hawapendi foleni ya kliniki. Makosa ni yaleyale kila mara. Mtu ametoka kula; asile wala asinywe dakika 15 kabla, na asipige mswaki dakika 30 kabla. Apitishe kijiti mara moja kwenye ufizi wa juu, mara moja wa chini, si kwenye ulimi. Akitie ndani ya kichupa, asome kati ya dakika 20 na 40. Akisahau akasoma baada ya saa nzima, jibu hilo halina maana.

Mstari mmoja kwenye C, alama ya kuonyesha kifaa kimefanya kazi: hakuna dalili ya virusi, lakini kama hatari ilikuwa ndani ya miezi 3 iliyopita, arudie miezi hiyo ikitimia. Mistari miwili, hata wa pili ukiwa hafifu: aende kliniki akathibitishwe, hilo si jibu la mwisho. C isipotokea, kifaa kimeharibika. Na aliye kwenye ARV, dawa za VVU, asikitumie kabisa. Kinaweza kumwonyesha hana virusi, akaacha dawa.

Kaskazi_na_Kusi
Wavuvi wa dago: shida yao si kujua, ni dawa kuisha wakiwa kisiwani. Aliyetulia kwenye dawa aombe ya miezi 3 kwa pamoja, na anayehama msimu achukue barua ya uhamisho kabla ya kuondoka. Akisahau dozi, anywe anapokumbuka. Ikikaribia saa ya inayofuata, anywe hiyo peke yake, asimeze mbili. Mwezi wa Ramadhani dawa ya mara moja kwa siku yahamia usiku, tuseme saa 3 usiku, baada ya tarawehe. Wenye TB pia, wanaomeza mara mbili kwa siku, waongee na kliniki kabla ya mwezi kuandama.

Boriti_Lamu
Halafu hili la "mimi nimetahiriwa". Tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Iliyobaki ipo palepale, na mkewe haimkingi.

Mtoa mada
Na msifundishe mbele ya nyapara. Sheria ya Kenya ya 2006 ya kuzuia VVU na Ukimwi inakataza kumlazimisha mtu apimwe ndipo apewe kazi, lakini kibarua wa kulipwa kwa siku akimwona msimamizi amesimama pale hatauliza swali. Wanawake wakae peke yao. Kigiriama au Kibajuni, kulingana na walipo. Mabango ya maandishi waachieni maofisi.

Dada_Magarini
Swali: wajawazito wetu wanapewa vidonge vya kuongeza damu na ARV pamoja. Inafaa?

Muuguzi_Marereni
Inafaa, dada, ila kwa mpangilio. Kama dawa yake ina dolutegravir, mojawapo ya ARV, ameze vyote pamoja na chakula. Kama hajala, ARV itangulie kwa muda wa saa 2, au ifuate muda wa saa 6 baada ya vidonge vya damu. Dawa ya kiungulia yenye magnesiamu au aluminiamu, hata na chakula hapana: saa zizo hizo, 2 kabla au 6 baada.